Maeneo ya umma katika mji unaokua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kwenye mikutano ya mitaa, kwenye ofisi za mipango miji na midomoni mwa watu wanaoona kiwanja cha wazi karibu na kwao kikimegwa mwaka hadi mwaka. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yanayozua ubishi. Si lazima usome yote. Kila jibu linajitosheleza, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa utaelekezwa lilipo.

## Misingi

1. Eneo la umma ni lipi hasa? Ni bustani tu?

Ni mahali popote ambapo mtu yeyote anaweza kufika, kukaa au kupita bila kulipa, bila kununua kitu na bila kuomba ruhusa. Bustani zimo, lakini zimo pia viwanja vya michezo, fukwe, kingo za mito, masoko ya wazi, ngazi za mtaani, vichochoro na barabara zenyewe. Katika miji mingi barabara ndizo eneo kubwa kuliko yote la umma, na njia ya waenda kwa miguu ndiyo sehemu yake inayotumiwa na watu wengi zaidi. Anayedai bustani huku njia za miguu mtaani kwake zimegeuka maegesho anadai nusu tu ya haki yake.

Ukitaka kipimo cha haraka, jiulize: mtoto na bibi yake wanaweza kukaa hapo saa nzima bila kuulizwa wanafanya nini? Kama jibu ni hapana, pahali hapo si pa umma, hata bango likisema vinginevyo.

2. Mji usio na maji ya kutosha na barabara za lami ujisumbue na viwanja vya wazi kwa nini?

Kwa sababu maji na lami vinaweza kuletwa baadaye, ardhi haiwezi. Bomba hupitishwa mtaani hata baada ya miaka 20, kwa gharama na usumbufu lakini hupita. Kiwanja kilichojengwa nyumba hakirudi ila kwa kuvunja nyumba za watu.

Tena kiwanja cha wazi ni miundombinu kama ilivyo mingine. Kinapokea maji ya mvua ambayo yangeingia majumbani, kinapunguza joto, kinawapa watoto pa kuchezea mbali na magari, na siku ya moto au tetemeko ndipo watu wanapokimbilia. Anayeishi katika chumba kimoja na familia yake anakihitaji kuliko mwenye nyumba yenye ua. Ndiyo maana hoja ya kwamba bustani ni anasa ya matajiri imekaa kichwa chini miguu juu.

3. Mji unapaswa kutenga ardhi kiasi gani?

UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, hupendekeza kati ya asilimia 45 na 50 ya ardhi ya mji iwe ya umma: asilimia 30 hadi 35 kwa barabara na njia za miguu, na 15 hadi 20 kwa maeneo ya wazi. Wengi hushtuka wakisikia nusu nzima. Lakini mtaa wenye barabara finyu hauna pa kupitisha gari la zimamoto, bomba la majitaka wala basi, na wakazi hulilipia pengo hilo kila siku.

Asilimia peke yake hudanganya. Msitu mkubwa ulio pembezoni mwa mji unaweza kupandisha hesabu ya mji mzima huku katikati kukiwa hakuna hata mti. Kwa hiyo pima pia umbali. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, shabaha ya 11.7 inataka ifikapo 2030 kila mtu awe na eneo la umma lililo salama na linalofikika, na kipimo kinachotumika ni mwendo wa mita 400 kwa miguu. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: kutoka nyumbani uone angalau miti 3, mtaa wako uwe na kivuli cha miti kwa asilimia 30, na bustani iwe ndani ya mita 300.

4. Bora bustani moja kubwa au ndogo nyingi?

Ukilazimishwa kuchagua, chagua ndogo nyingi. Kubwa huendewa mwisho wa juma, ndogo hutumiwa kila jioni. Mabonde, kingo za mito na misitu ndivyo vitu ambavyo havifai kukatwakatwa, maana kazi yake hupotea vikigawanywa.

## Ardhi

5. Mtaa wenyewe haujajengwa. Kuna haraka gani ya kutenga?

Haraka ipo, na New York ni shahidi. Ramani ya 1811 iliyochora mitaa ya Manhattan iliacha maeneo ya wazi machache sana, na hata yale machache yakapunguzwa baadaye. Miaka 40 hivi ikapita, mji ukajaa, na wakubwa wake wakagundua wanahitaji bustani. Sheria ya kutwaa ardhi kwa ajili ya Central Park ilipitishwa 1853. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Palikuwa na kijiji cha Seneca Village, chenye wakazi wapatao 225, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa na viwanja vyao wenyewe, makanisa na shule. Kufikia 1857 wote walikuwa wameondolewa.

Bustani ile leo inapendwa na mamilioni, na wanayo sababu. Lakini gharama ya kuchelewa ililipwa na waliokuwa wanyonge, na hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mahali. Kwa hiyo mji unaokua kwa kasi ukichora tu barabara kuu na viwanja vya wazi pembezoni, kabla mnunuzi wa kwanza hajafika, umeshafanya kazi iliyo ngumu kuliko zote. Nyasi na taa zinaweza kungoja.

6. Eneo limo kwenye ramani kama kiwanja cha wazi. Linapoteaje?

Taratibu, mbele ya macho ya watu. Kwanza linashuka lori moja la mchanga. Majuma machache baadaye mchanga unazungushiwa mabati ili usiibwe. Ndani ya mabati kinachomoza kibanda cha mlinzi, na mlinzi analeta familia yake. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wanahamia upande wa pili. Kisha usiku mmoja msingi unachimbwa, na asubuhi anatokea mtu mwenye karatasi ya umiliki. Kila hatua peke yake ilionekana ndogo, haikustahili ugomvi.

Njia nyingine ni ya ofisini: ombi la kubadili matumizi ya ardhi linabandikwa kwenye ubao usiosomwa na mtu, siku za pingamizi zinapita, na kiwanja cha watoto kinageuka kiwanja cha biashara kihalali kabisa.

Kinga ni tatu na zinahitajika zote. Eneo lipimwe, liwekewe mawe ya mipaka na liandikishwe kwa jina la mamlaka ya umma, kwa maana rangi ya kijani kwenye ramani si hati. Liwe na kazi inayoonekana, hata kama ni magoli mawili ya mbao na miti kumi, kwa sababu eneo linalotumiwa lina mashahidi kila siku. Na mtaa uwe na watu wanaojua namba ya kiwanja na tarehe za mikutano ya mipango. Ukishaona mabati, usingoje msingi; cha kufanya kimeelezwa katika swali la 17.

7. Mji wetu umeshajaa. Tumechelewa?

Mmechelewa kwa yaliyo rahisi, si kwa yote. Ardhi ya umma iliyobaki kwa kawaida ni barabara, na barabara inaweza kugawanywa upya. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilianza 1974 kufungia magari baadhi ya barabara ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Leo zaidi ya kilomita 120 hufungwa kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Baada ya hapo magari yanarudi kama kawaida. Mji umepata bustani ndefu kupindukia bila kununua hata mita moja ya ardhi.

Seoul ilikwenda mbali zaidi. Mto Cheonggyecheon ulikuwa umefunikwa zege na juu yake kujengwa barabara ya angani. Kuanzia 2003 barabara ilibomolewa na kufikia 2005 maji yalikuwa yakionekana tena kwa karibu kilomita 6. Ni kazi nzuri, ila wachuuzi waliokuwa chini ya barabara ile walihamishwa, na jambo hilo lisifichwe tunapoisifu.

Ipo pia njia ya wamiliki kukusanya viwanja vyao pamoja. Eneo linapimwa upya, kila mmoja anachangia sehemu, na michango hiyo inakuwa barabara na viwanja vya wazi. Anayebaki na ardhi pungufu anabaki na ardhi yenye thamani zaidi kwa kuwa sasa inafikika. Takriban asilimia 30 ya maeneo ya miji ya Japani yalipangwa hivyo, na jimbo la Gujarat nchini India limetumia utaratibu wa aina hiyo kwa miongo mingi. Unahitaji kumbukumbu safi za ardhi na uvumilivu wa kukaa na wamiliki mmoja mmoja.

8. Vipi makazi yasiyopimwa? Huko hakuna hata njia.

Huko ndiko kuna uhitaji mkubwa zaidi, na huko mara nyingi pana maeneo ya umma ambayo ramani haiyaoni: pembeni ya bomba la maji, uwazi mbele ya nyumba ya ibada, njia panda wanapokutana watu jioni. Anza na hayo. Kuyapima na kuyaandikisha ni hatua ya kwanza kabla ya kujenga chochote.

Medellín, mji mwingine wa Kolombia, inatoa mfano unaoigika. Matangi ya maji ya mji yalikuwa vilimani, yamezungushiwa uzio, na mitaa ya watu maskini ikawa imeyazingira. Shirika la maji na umeme la mji liliondoa uzio na kujenga kuzunguka matangi hayo viwanja, vyumba vya kusomea na sehemu za kuchezea watoto. Hakuna aliyebomolewa nyumba, kwani ardhi tayari ilikuwa ya umma, ilikuwa imefungwa tu. Tazama mtaani kwenu: shule, bohari, karakana na ofisi za serikali zina ua mkubwa kiasi gani unaolala bure baada ya saa za kazi?

## Usanifu

9. Bustani ipo, imependezeshwa, lakini haina watu. Kwa nini?

Nenda ukakae hapo adhuhuri. Benchi liko juani, kivuli kiko juu ya nyasi zenye bango la kukataza kukanyaga. Lango ni moja na limeelekea barabara kuu, wakati watu wanatoka upande wa pili. Choo hakipo, maji ya kunywa hayapo. Basi jibu umelipata.

Mji wa New York ulijifunza haya kwa gharama. Tangu 1961 uliwaruhusu wajenzi kuongeza ghorofa kama wangeacha uwanja wa wazi chini ya jengo. Viwanja vikapatikana vingi, na vingi vikawa vitupu. Miaka ya 1970 William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, na wenzake waliviweka chini ya kamera siku baada ya siku, wakaona kwamba watu huenda palipo na pa kukaa, palipo karibu na mtaa, palipo na chakula na palipo na watu wengine. Mwaka 1975 kanuni zikabadilishwa, na viti vikawa sharti.

Huhitaji kamera. Chora ramani ya mahali, kisha kila baada ya nusu saa weka alama kila mtu aliposimama au alipokaa, mwanamke, mwanamume, mtoto, mzee. Ukifika jioni karatasi itakuonyesha mambo ambayo mchoro wa msanifu haukuwaza: watu wote wamejibana kwenye ukuta mmoja mfupi wenye kivuli, na chemchemi ya gharama haina hata mtu mmoja.

10. Wasichana hawaonekani bustanini. Ni suala la usanifu kweli?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Katika miaka ya 1990 watafiti mjini Vienna waligundua kwamba wasichana wakishafikisha miaka 9 hivi huanza kutoweka bustanini, wavulana wakibaki. Uwanja mmoja mkubwa wenye uzio na mlango mmoja hushikwa na kundi lenye nguvu, na mwingine haingii. Kuanzia 1999 mji ulizipanga upya baadhi ya bustani: uwanja ukagawanywa kuwa sehemu ndogo, milango ikaongezwa, na michezo mingine ikaletwa kando ya mpira wa miguu. Wasichana wakarudi.

Ongeza taa kwenye njia ya kwenda, si bustanini tu. Choo chenye komeo. Na uwazi wa kuona nani yuko mbele. Mwanamke haiachi bustani yenyewe, anaiacha njia ya kurudi nyumbani.

11. Na watu wenye ulemavu?

Mteremko badala ya ngazi, au pamoja nazo; njia isiyo na mashimo; ukingo unaotambulika kwa fimbo nyeupe; benchi lenye mgongo na mikono. Haya yote yakiwekwa mwanzoni gharama yake ni ndogo. Kosa tunaloliona kila mahali ni mteremko mzuri ulioishia kwenye mtaro usio na kifuniko, kwa kuwa anayejenga bustani na anayejenga mtaro ni idara mbili zisizozungumza.

12. Eneo letu la wazi hufurika kila masika. Si afadhali lijengwe tu?

Hapana, na hasa hapo ndipo pasijengwe. Maji yaliyokuwa yakituama pale yataingia kwenye nyumba za jirani. Badala yake eneo lisanifiwe likijua litafurika. Rotterdam ina uwanja uitwao Benthemplein, uliofunguliwa 2013. Siku kavu vijana hucheza mpira wa kikapu ndani yake, siku ya mvua kubwa hupokea hadi lita milioni 1.7 za maji na kuyaachia polepole. Bangkok nayo ilifungua 2017 bustani iliyoinamishwa upande mmoja ili maji yateremke kwenye bwawa. Hata bila fedha za miji hiyo, uwanja wa mpira uliochimbwa chini kidogo kuliko mtaa, wenye mfereji wa kuingiza na wa kutoa, hufanya kazi ileile.

## Matumizi na migogoro

13. Wachuuzi waondolewe ili watu wapate kupita?

Swali limewekwa vibaya, kama vile mchuuzi si mmoja wa watu. Yeye huuza palipo na wapita njia, na uwepo wake huongeza macho na usalama. Tatizo la kweli ni nafasi ya kupita, na hilo hupimwa kwa mita. Acha upana unaotosha kiti cha magurudumu na watu wawili kupishana, chora mstari, kisha wachuuzi wapangwe upande mmoja wakiwa na maji, vyoo na pa kutupa taka.

India ilitunga sheria mwaka 2014 inayotaka kila mji uwe na kamati ya uchuuzi, ambamo wachuuzi wenyewe ni angalau asilimia 40, na inayokataza kuwaondoa kabla hawajahesabiwa. Utekelezaji wake umesuasua mahali pengi, lakini msingi ni sahihi: hesabu kwanza, zungumza nao, ndipo upange. Wanaofukuzwa alfajiri hurudi jioni, kwa sababu njaa haikufukuzwa.

14. Mtaa ukifungwa kwa magari, maduka hayatakufa?

Hofu hiyo ni ya kweli na iheshimiwe, ila mifano inaipinga. Copenhagen iliufunga mtaa wa Strøget kwa magari 1962 huku wenye maduka wakilalamika, na leo ni mtaa wa biashara usiolala. Curitiba, Brazili, chini ya meya Jaime Lerner, iliugeuza mtaa wake mkuu kuwa wa miguu mwaka 1972, kazi ikianza Ijumaa jioni na kwisha ndani ya siku chache ili mahakama isiwahi kuizuia. Haikuchukua muda wafanyabiashara waliopinga wakaomba eneo lirefushwe.

Binafsi siipendi njia ya kuwashtukiza watu. Iliyo bora ni kujaribu kwa muda, kama New York ilivyofanya 2009 kwenye makutano ya barabara ya Times Square kwa rangi, vizuizi na viti vya kukunja, ikapima, ndipo 2010 ikatangaza mabadiliko kuwa ya kudumu. Na lazima pawepo njia ya kushushia mizigo asubuhi na usafiri wa umma wa karibu. Mtaa usiofikika kwa basi ukifungwa, maduka yatakufa kweli.

15. Bustani mpya haitapandisha kodi za nyumba hadi tuhame?

Inaweza. High Line ya New York, njia ya reli ya juu iliyogeuzwa bustani na kufunguliwa 2009, ilipandisha sana bei za nyumba zinazoizunguka. Dawa si kuwanyima maskini bustani. Dawa ni kuwa na ulinzi wa wapangaji na nyumba za bei nafuu kabla uzinduzi haujafanyika, na kusambaza maeneo madogo mengi (swali la 4) ili mtaa mmoja usibaki peke yake na sifa.

16. Nani alipie matunzo? Tuweke kiingilio?

Kiingilio, hata kidogo, humzuia yule anayeihitaji bustani zaidi, na sehemu yake huishia kumlipa anayekikusanya. Kodi ya majengo ndicho chanzo cha haki, kwani wenye majengo ya jirani ndio thamani yao inayopanda. Ada za vibanda na maonyesho zisaidie, mradi fedha zibaki palepale. Usikubali mradi wowote usio na bajeti ya matunzo ya angalau miaka mitano ya mwanzo. Miti michanga isiyomwagiliwa kiangazi cha kwanza hufa, na mti uliokufa humpa mnyakuzi hoja.

## Yanayozua ubishi

17. Mwananchi wa kawaida anaweza kuzuia mradi mkubwa?

Anaweza. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai alianza kwa barua: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, kwa mabalozi wa nchi zilizohusishwa na fedha za mradi. Alitukanwa bungeni, shirika lake likafukuzwa ofisini. Wafadhili wakajitoa, jengo halikujengwa, na bustani ipo.

Jifunze mbinu yake. Alifuata fedha, akaandika kila kitu, akauliza hadharani. Wewe nawe anza na karatasi: nakala ya ramani iliyoidhinishwa, namba ya kiwanja, picha zenye tarehe. Peleka pingamizi kwa maandishi ndani ya muda, bakiza nakala iliyogongwa mhuri, na saini wengi. Kupiga kelele bila nakala ya ramani huchosha watu haraka.

18. Uwanja wa mbele ya jengo la biashara ni wa umma?

Inategemea mkataba wa kibali cha ujenzi. Mjenzi akiwa alipewa ghorofa za ziada kwa ajili ya uwanja huo (swali la 9), umma umekwisha kuulipia na mlinzi hana haki ya kukufukuza. Dai bango linalotaja saa za kufunguliwa na haki za anayeingia.

19. Watu wasio na makazi wanalala bustanini. Tuweke vyuma kwenye mabenchi?

Vyuma hivyo havimpi mtu nyumba. Vinamhamisha hadi kizingiti kinachofuata, na vinamnyima mzee pa kunyoosha mgongo. Linalohitajika ni malazi na huduma, kazi ambayo si ya idara ya bustani peke yake. Kwa upande wa bustani, choo safi, bomba la maji na mhudumu anayewajua watu kwa majina hupunguza migogoro kuliko vyuma.

20. Mwenye kiwanja kitupu anakubali tukitumie hadi atakapojenga. Tukubali?

Kubalini, kwa maandishi: tarehe ya mwisho, muda wa notisi, nani anawajibika mtu akiumia. Wekeni vinavyohamishika, miti kwenye mapipa, viti, magoli. Waambieni watoto na wazazi tangu siku ya kwanza kwamba ni pa muda, na tumieni muda huo kutafuta mahali pa kudumu ndani ya mita 400. Mkimgeuka mwenyewe siku anapotaka kujenga, wenye viwanja wengine wote mtaani watazungushia vyao ukuta.